Kura Yangu ya Hapana

Nilikaa bungeni vipindi vitatu, na ukiuliza leo pale sokoni kwetu nilifanya nini, utaambiwa nilijenga madarasa na nilihudhuria mazishi. Mazishi hasa. Kuna watu wanaonisimamisha Nyeri mjini kunikumbusha nilivyosema maneno mazuri walipomzika baba yao. Mimi siwakumbuki, wala huyo baba simkumbuki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu kamati, na kazi yangu yote, ile ambayo mwenyewe naweza kuiita kazi, niliifanya kwenye kamati.

Kamati ni chumba tu. Meza ndefu, chupa za chai, karani anayehesabu waliofika ili ajue kama kikao ni halali. Wabunge huingia, hutia sahihi, hunywa chai, hutoka kupokea simu na hawarudi. Ukibaki mpaka mwisho, utajikuta na wenzako wachache mnaobishana juu ya neno moja ambalo siku moja litamtoa mtu nyumbani kwake au litambakiza. Mimi nilikuwa nabaki.

Niliomba kamati ya ardhi tangu siku ya kwanza, na niliiomba kwa sababu ya mama yangu.

Mama alikuwa akiishi kijijini. Nikisema kijiji, mtu wa Nyeri ananielewa, lakini wengine lazima niwaeleze. Sisemi kijiji cha mashamba na ng'ombe. Nasema vile vijiji ambavyo wakoloni waliwakusanyia watu wakati wa hali ya hatari, nyumba zimebanana, handaki pande zote, ili wapiganaji walioko msituni wasipate wa kuwapelekea chakula. Vita vilipoisha, wenye ardhi walirudi kwenye ardhi yao. Wasiokuwa nayo walibaki. Walibaki wajane, walibaki watu ambao mashamba yao yaligawiwa wengine wakiwa kizuizini, na watoto wao, na wajukuu wao, mpaka leo. Ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wa jirani. Choo cha huyu kiko mlangoni pa yule. Mtu akifa anapelekwa makaburi ya umma kwa sababu nyumbani hakuna pa kuchimba. Na hakuna aliyekuwa na hati.

Nyumba yetu baba aliijenga kwenye kiwanja kilichoachwa na mtu aliyekuwa askari wa wakoloni pale pale kijijini. Askari huyo alizawadiwa shamba kwingine, akahama na familia yake, kibanda chake kikaanguka. Baba aliwauliza wazee, wakamwambia jenga. Akajenga chumba kimoja, halafu cha pili, halafu akafa, nami nikiwa bado shule ya msingi. Mama akaongeza jiko na kupanda ua wa kayaba, ile miti ya miiba, kuizunguka nyumba. Nilikulia humo, nikawa mwalimu, nikafundisha Kiriaini miaka mingi, nikaolewa, nikanunua shamba dogo nje ya mji wa Nyeri. Nilipomwomba mama aje tukae pamoja alikataa.

"Nitoke kwangu niende kuwa mgeni?" aliniuliza.

Mama huongea Kikuyu tu, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Nilipochaguliwa nilienda kumwambia kwamba nitaandika sheria ya kuwapa hati watu wa vijiji. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Andika upesi," akasema.

Niliandika. Mswada wenyewe ulikuwa mfupi, na moyo wake ulikuwa kifungu cha tatu. Kilisema kwamba hati atapewa mtu anayeishi kwenye kiwanja, ambaye ameishi hapo miaka mingi bila kupingwa. Basi. Hakikuuliza yeye ni mke wa nani au mtoto wa nani. Nilikitunga nikimwona mama amekaa mlangoni pake, na sikuona haya. Kila mbunge anaandika sheria akimwona mtu fulani. Tofauti ni mtu gani anamwona.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa huku kwetu mlimani, mkongwe wa bunge, aliyeingia huko wakati mimi bado nashika chaki. Nilimwita Mzee, naye akaniita dada yangu. Alinifundisha mambo ambayo huyapati kwenye kanuni. Usiutangaze mswada kwenye magazeti kabla haujaiva. Usimsahihishe mbunge mwenzako mbele ya watu waliomchagua. Kama unataka kifungu kipite, kipeleke mchana wakati watu wameshiba. Nilimheshimu sana mtu yule. Nilikuwa nikitoka kwenye vikao vyake nikijiambia kwamba kumbe siasa inaweza kufanywa na watu wenye akili na utulivu.

Ni yeye aliyeitoa kamati Nairobi ili tusikilize wananchi. Tulienda Kiriaini, ambako nusu ya ukumbi walikuwa wanafunzi wangu wa zamani. Tulienda Kianyaga siku ya mvua, tukakaa kwenye ukumbi wa kanisa, mabati yakipigwa mpaka tukawa tunapaaza sauti. Mama mmoja mzee alisimama akishikilia kiti cha mbele yake.

"Mimi niko na swali moja tu," akasema. "Hii sheria itakuja kama niko hai ama itakuja kama nimekufa?"

Mwenyekiti alichukua maikrofoni. "Mama, hiyo hati utaishika na mkono yako mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mama yule hakupiga. Alimtazama mwenyekiti kwa muda, akakaa.

Nanyuki tulikutana na watu ambao hawakutoka kwenye vijiji kama vyetu lakini shida yao ilikuwa ile ile. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu, kanzu yake ikichungulia chini ya koti zito, alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote.

"Waheshimiwa, mimi nauza mbuzi," akasema. "Nikimuuzia mtu mbuzi, anaondoka na mbuzi. Haondoki na kamba tupu. Babu yangu alizaliwa mtaa ule mnaouona kule nyuma ya kichinjio. Kila uchaguzi tunauziwa hati, na kila uchaguzi tunarudi nyumbani na kamba."

Ukumbi ulicheka, mwenyekiti naye akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Kwenye gari tukirudi Nyeri aliirudia hiyo habari ya kamba mara kadhaa, akasema ataitumia kwenye hotuba. Na kweli aliitumia.

Kipindi cha kwanza mswada ulikufa bila mtu kuupinga. Hivyo ndivyo miswada mingi hufa. Kila uliposhika nafasi kwenye ratiba, kikao kilikosa akidi. Wajumbe walikuwa kwenye harambee, walikuwa hospitalini, walikuwa safarini. Mwenyekiti aliahirisha kwa sauti ya masikitiko. Bunge lilipovunjwa, mswada ukavunjika nalo, na kanuni zinasema ukirudi unaanza upya.

Nilirudi, nikaanza upya. Kipindi cha pili tulifika kusomwa mara ya pili. Hapo kiranja wa chama akanialika chai na kuniambia serikali ina mpango wake wa vijiji, mpana kuliko wangu, kwa hiyo niondoe mswada wangu tusigongane. Nilimuuliza mpango huo nitauona lini. Akasema uko njiani. Nilikataa kuuondoa, wakauzungusha mpaka bunge likavunjwa tena. Mpango wa serikali sijauona mpaka leo.

Mama aliendelea kuniuliza, si kila mara, ila nikija Jumapili. Majirani zake walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine na kupelekwa makaburi ya umma. Siku moja aliniuliza, "Huko bungeni mnaandika kwa kalamu au kwa jembe?" Nilimweleza kuhusu kusomwa mara ya kwanza, na kamati, na kusomwa mara ya pili, na kamati tena. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama nimekula.

Kipindi cha tatu mambo yalifunguka ghafla. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na kila chama kilitaka kusema kimewapa watu wa mlima hati. Mswada ukapanda ratiba, akidi ikapatikana, wajumbe ambao sikuwahi kuwaona kwenye chumba kile wakaja wamebeba nakala zao. Nilifurahi kama mjinga. Nilimpigia mama simu nikamwambia ni wiki hii.

Siku ya kupitia vifungu, bunge lilikuwa na usingizi wa mchana. Kifungu cha kwanza kikapita, cha pili kikapita. Tulipofika cha tatu mwenyekiti wangu alisimama na kipande cha karatasi. Alisoma kwa sauti yake ile ya utulivu. Aliomba maneno "mtu anayeishi kwenye kiwanja" yaondolewe, na mahali pake yawekwe maneno "mtu aliyegawiwa kiwanja hapo mwanzo, au mrithi wake".

Alikaa. Hakunitazama.

Kwa mtu asiyejua vijiji vile, maneno hayo yanasikika ya haki kabisa. Lakini hapo mwanzo nani aligawiwa? Aliyegawa ni mkoloni, na viwanja vya maana, vile vilivyo kando ya barabara, walipewa askari wake na wazee wake. Hao ndio waliohama mapema, kwa sababu ndio waliopata mashamba. Waliobaki wakijenga juu ya vibanda vilivyoanguka ni watu kama baba yangu. Na barabara zile siku hizi zina lami, zina maduka, na kiwanja kilichokuwa cha kutupa majivu sasa kinatafutwa na kila mtu.

Nilimfuata kwenye ujia kabla ya kura.

"Mzee, nani amekuomba ubadilishe kile kifungu?"

"Watu, dada yangu."

"Watu gani? Tulizunguka Kianyaga, Kiriaini, Nanyuki. Nani alisema hayo?"

Alinishika bega. "Kila ardhi iko na mwenyewe. Wewe ulitaka kuipatia wapangaji. Hiyo ingetuletea vita. Sasa piga kura, sheria ipite, iitwe yako. Kasoro ndogo ndogo tutarekebisha baadaye."

"Mama yangu ni mpangaji?"

"Mama yako yuko na wewe," akasema, "hana shida." Akaingia ndani.

Nami nikaingia, nikasimama nikaongea. Sikuandaa chochote, na mpaka leo naweza kukariri nilichosema, kwa sababu nimelazimika kukisikia tena. Nilisema kwamba kubadilisha kifungu hiki ni kuwatoa wajane kwenye nyumba walizojenga kwa mikono yao na kuzikabidhi kwa wajukuu wa waliowalinda kwa bunduki. Nikasema, "Mkipitisha maneno haya, mnajua mnachofanya. Asije mtu kesho akasema bunge halikuambiwa." Wenzangu wawili watatu walinipigia meza kuniunga mkono. Marekebisho yakapita.

Kisha ikaja kura ya mswada mzima. Ulikuwa mswada wangu, una jina langu juu. Nikapiga kura ya hapana. Ukapita bila mimi.

Kampeni ilipoanza, mpinzani wangu hakuhitaji hotuba. Alikuwa na gari lenye vipaza sauti lililopita sokoni, shuleni, mbele ya makanisa likisema jambo moja: Mama Mbunge alipinga hati zenu. Na lilikuwa kweli. Lilikuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za bunge, ile Hansadi, na walitoa nakala wakazibandika kwenye nguzo za umeme.

Nilijaribu kueleza. Siku moja, nikiwa nimesimama juu ya gari pale sokoni, nilieleza tofauti ya anayeishi na aliyegawiwa. Nilieleza polepole, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Mama mmoja anayeuza kabeji, ambaye nimemjua tangu tukiwa wasichana, alinikatiza.

"Mama, wewe ulisema ndio ama ulisema hapana?"

"Nilisema hapana, lakini sababu yake..."

"Basi," akasema, akageuka kumhudumia mteja.

Nilishindwa vibaya, na nilishindwa hata kwenye kituo cha kijijini kwetu. Mama yangu alipiga foleni pamoja na majirani zake. Aliniambia walikuwa wanacheka, si kwa ubaya, ila kwa furaha ya watu wanaongoja kupewa kitu.

Hati zilitolewa uwanjani Nyeri, chini ya mahema. Nilialikwa, nikakaa hema la pili pamoja na wazee wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa jukwaani, na mwenye kuongoza sherehe akamtambulisha kama baba wa hati. Sitasema uongo: wapo waliopata kwa haki. Niliona mzee akiibusu karatasi yake, na nilifurahi kwa ajili yake, kwa kiasi nilichoweza. Mwenyekiti alipoongea alisimulia habari ya mbuzi na kamba, kama jambo alilolisema yeye mwenyewe. "Leo," akasema, "mnaenda nyumbani na mbuzi." Uwanja ukashangilia. Jina la mama yangu halikuitwa.

Mrithi wa yule askari alikuwa mjukuu wake, mwanamume mpole mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika mji wa Kenol. Hakuwahi kukanyaga kijijini mpaka siku alipokuja na hati. Alimletea mama mkate na sukari.

"Nyanya, mimi sikufukuzi," alimwambia kwa Kikuyu. "Chukua muda yako. Lakini hii ploti ni ya guka, babu yangu."

Mama alimkaribisha chai. Alipoondoka akaniuliza kwa simu kama kijana yule ni mwizi. Nilimwambia hapana, sheria imempa.

Tulienda mahakamani, mama na wajane wengine wa barabara ile. Niliwatafutia wakili mzuri. Nilikuwa na matumaini, na matumaini yangu yalikuwa Hansadi ile ile iliyoniangusha. Nilijua kwamba sheria ikiwa na utata, jaji anaweza kusoma yaliyosemwa bungeni ili ajue nia ya walioitunga. Nilifikiri atasoma vikao vyetu, atamsoma yule mama wa Kianyaga, ataona sheria hii ilianzishwa kwa ajili ya nani.

Siku ya hukumu chumba kilijaa. Mama alikaa kando yangu, mkoba wake magotini, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Jaji alisoma kwa Kiingereza. Alikubali kwamba wajane hawa wameishi hapo tangu zamani. Alikubali kwamba walijenga wenyewe. Kisha akasema wakili wa upande wa pili ameiletea mahakama kumbukumbu za bunge, na ameona ni muhimu kusoma sehemu yake. Akasoma maneno yangu. Wajane kwenye nyumba walizojenga kwa mikono yao. Mkipitisha maneno haya, mnajua mnachofanya. Asije mtu kesho akasema bunge halikuambiwa.

Watu waligeuka kunitazama. Jaji aliendelea, bila ukali, karibu kwa huruma. Alisema kama mbunge asingetoa onyo hilo, huenda mahakama ingedhani bunge halikukusudia kuwaumiza wajane, na ingetafuta njia ya kuisoma sheria kwa namna nyingine. Lakini bunge liliambiwa waziwazi, likaelewa, likapitisha. Kwa hiyo nia yake haina utata, na mahakama haina ruhusa ya kuibadilisha.

Nje, kwenye ngazi, mama aliniuliza.

"Alisoma nini pale, kila mtu akakuangalia?"

"Maneno yangu. Niliyosema bungeni."

"Yalikuwa ya kutusaidia au ya kutudhuru?"

"Ya kuwasaidia."

"Sasa mbona tumeshindwa nayo?"

Nilimweleza. Ilichukua muda, kwa sababu Kikuyu changu hakina maneno ya mahakama, na kwa sababu nilikuwa nalia. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiwaangalia wale wajane wengine waliokuwa wakishuka ngazi taratibu, wakishikana mikono.

"Basi ungenyamaza," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia ungefunika sufuria. Nimeshatukanwa na watu wengi katika siasa, wengine kwa vipaza sauti, na hakuna tusi lililoingia kama hilo neno ambalo halikuwa tusi.

Alihamia kwangu na vitu vyake kwenye mifuko miwili. Nilimpa chumba chenye jua la asubuhi, na mlima unaonekana dirishani kukiwa hakuna mawingu. Ameweka kiti chake kikiangalia mlango. Wageni wakimwuliza, anasema amekuja kutembea.

Nyumba ya kijijini ilibomolewa kabla ya mvua za masika. Mama hakutaka kwenda kuona, mimi nikaenda. Ukuta wa chumba cha baba ulikuwa umeshalala, na vibarua walikuwa wakikata ule ua wa kayaba kwa mapanga, wakilalamika kuhusu miiba. Mjukuu wa askari alikuwepo, amevaa buti za mpira. Aliponiona alikuja mpaka kwenye gari kunisalimu kwa heshima, akaomba radhi kwa vumbi. Akaniuliza hali ya nyanya. Nikamwambia ni mzima. Akaniuliza kama nitarudi bungeni.

"Sijui," nikamwambia.

"Wewe simama, mama," akasema. "Mimi siku hizi najiandikisha huku, si niko na ploti. Mimi nitakupigia kura."

Nilimshukuru, nikapandisha kioo.